Mitego, Kanga, na Vitambaa vya Dada Yangu

Vijana, paka akishaingia mtegoni usisimame kumtazama machoni. Mfunike kwanza. Chukua gunia, koti, chochote kizito, funika kizimba chote, halafu rudi nyuma hatua tatu na uhesabu mpaka hamsini. Akiona giza atatulia. Akikuona wewe atajirusha kwenye nyaya mpaka atoke damu puani, na utambeba hivyohivyo mpaka langoni huku watu wa mtaa wanakutazama kama mwuaji. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo mnalokosea, nililiona kwa macho yangu mwezi uliopita nilipokuja kuwasalimia. Yule aliyekuwa anampiga paka picha anajijua.

Mimi ni Mama Zawadi. Hapa Cato Manor wengi mnanijua kama yule mama wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha jirani. Ila kazi iliyonilisha miaka kumi na sita ni kutega wanyama kule Bluff, kwenye ile hifadhi ndogo iliyobanwa kati ya nyumba za watu na bahari. Sasa nimestaafu, magoti yamegoma kupanda kilima. Nimesikia watatu kati yenu mmechukuliwa pale, na mama zenu wakaniomba niwaandikie ninayoyajua. Nitaandika yanavyokuja kichwani. Anayetaka mpangilio akasome karatasi walizompa ofisini.

Watu walinicheka sana kwa kazi ile. Tulipotoka Uvira, kule Kongo, na kufika Durban, mume wangu alilinda magari, mimi nikauza ndizi, kisha nikapata kazi ya kufagia njia za hifadhi, na kutoka kwenye ufagio nikahamia kwenye mitego. Shemeji yangu mmoja aliwaambia watu kwamba nimevuka mipaka minne kuja kukamata panya. Nilimjibu kwamba panya wenyewe wana adabu kuliko yeye. Lakini swali ni la haki: kwa nini mtu alipwe kutega?

Kwa sababu ya kanga. Kanga hutaga chini. Anakwaruza udongo kidogo chini ya majani marefu, anataga mayai yake kumi au kumi na mawili, anayalalia karibu wiki nne, na wiki zote hizo kila mwenye meno anamtafuta. Nguchiro anamtafuta, panya anamtafuta, paka, kenge, nyoka. Zamani msitu wa Bluff ulikuwa mkubwa na kila mmoja alipata chake bila kumaliza cha mwenzake. Siku hizi msitu umebaki kama ua wa nyumba, na mapipa ya taka yaliyouzunguka yanalisha paka na panya na nguchiro wengi kuliko msitu wenyewe ungeweza kulisha. Hao wote wakiingia kwenye majani msimu wa mayai, hakibaki kitu. Ndiyo maana anawekwa mtu wa kupunguza meno mpaka vifaranga watoke. Panya tulikuwa tunawaua. Paka walipelekwa kwenye nyumba ya wanyama. Nguchiro alichukuliwa na afisa mwenye kibali, na kanu, yule mwenye madoa na mkia mrefu, tulimwachia palepale kwa sababu sheria ndivyo inavyosema. Someni kibali chenu mstari kwa mstari kabla ya kugusa mnyama. Mkikosea hapo hakuna wa kuwatetea.

Aliyenifundisha alikuwa Baba Ngcobo, mzee wa Kizulu mwenye masikio makubwa na maneno machache. Tulielewana kwa Kizulu changu kibovu na Kiingereza chake cha kubahatisha. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. Siku ya kwanza alininusa kabla hata ya kunisalimia, na aliniita Sisi, yaani dada kwa Kizulu.

"Sisi, umejipaka nini?"

"Mafuta tu, Baba."

"Eish. Nguchiro atadhani kuna harusi."

Alinipeleka pembeni, akanisugua viganja kwa udongo na majani ya mwituni mpaka nikanuka kama mbuzi. Kuanzia siku hiyo sikujipaka kitu siku za kazi. Mume wangu alilalamika kwamba ameoa kichaka, nikamwambia kichaka ndicho kinacholeta unga. Nanyi nawanusa mkipita: manukato hayo ya chupa ndefu yaacheni kwa Jumapili.

Cha pili alichonifundisha ni kwamba mtego usiyumbe. Ukiweka kizimba juu ya kijiwe, mnyama anaweka mguu wa mbele, kizimba kinatikisika, anarudi nyuma na hutamwona tena mwaka mzima. Chimba kidogo, kaza chini, kisha tandika udongo na majani ndani mpaka kisahani cha kukanyagia kisionekane. Bonyeza kila pembe kwa kiganja. Na usitege siku ya kwanza. Fungia mlango juu kwa waya, weka chambo, mwache ale bure aende zake. Kesho tena vilevile. Siku ya tatu ndiyo unatoa waya. Nilimwambia Baba Ngcobo kwamba sisi tuna msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alicheka mpaka akakaa chini. Miaka iliyofuata, kila tulipotoa waya, alikuwa anasema tu, "Jembe," na kuendelea na njia.

Chambo nilijifunza kwa aibu. Baba Ngcobo alitumia vichwa vya kuku. Mimi nikajiona mjanja. Nilikwenda mtaa wa Point, mjini, kwa mama mmoja anayeuza vyakula vya kwetu, nikachukua makayabu, ule samaki wa chumvi ambao ukiukaanga ghorofa ya kwanza mtu wa ghorofa ya sita anauliza chakula ni saa ngapi. Nikaweka kipande kwenye kila mtego. Asubuhi mitego yote minane ilikuwa imefunga. Nikaimba wimbo wa shukrani. Kufunua: paka, paka, paka, paka mwenye kengele shingoni, paka mwenye mkufu wa shanga. Nilikuwa nimewaalika paka wa Bluff nzima, wakaacha nyama zao majumbani wakaja kwenye makayabu.

Yule wa shanga aliitwa Prince, na alikuwa wa gogo mmoja, yaani bibi, aliyeishi ukuta kwa ukuta na hifadhi. Nilimpelekea mwenyewe.

"Umemwiba?" akaniuliza.

"Amejileta, Gogo. Mfungie ndani hadi jua litoke, msimu wa mayai huu."

"Prince hali mayai. Prince anakula biskuti."

Wiki hiyohiyo Prince aliingia mtegoni mara mbili zaidi, na mara ya mwisho alikuwa na ganda la yai kwenye sharubu. Gogo hakuniomba radhi, ila alianza kumfungia ndani, na kila nilipopita alinipa chai kupitia tundu la ukuta. Jirani ni kazi vilevile, vijana. Mtego mmoja unakamata paka mmoja, jirani mmoja mwenye kuelewa anafungia paka wanne.

Kuhusu kenge nitasema kifupi. Ukimkuta kenge amejaza kizimba kizima, fungua mlango kwa fimbo ndefu, ukiwa nyuma ya kizimba, si mbele. Mimi nilisimama mbele. Mkia ulinipiga kwenye paja nikakaa siku nne bila kupiga magoti kanisani, na mchungaji akadhani nimerudi nyuma kiimani.

Siku hizi mna kamera za kufunga kwenye mti, na simu inawaambia mlango umeanguka. Sharp, kama mnavyosema, safi. Siwaonei wivu, nawaonea furaha. Lakini simu haisikii joto. Jua la Durban likifika saa nne asubuhi linaua mnyama ndani ya kizimba, na simu itakuwa inakuambia tu kwamba mlango umefungwa. Sisi tulikuwa njiani kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mvua, Krismasi, mazishi. Fanyeni hivyo. Ukishindwa kufika, usitege.

Sasa niwaeleze kiangazi kile kibaya, kwa sababu ndicho mama zenu walichosikia nusunusu, na nusu nyingine ni aibu yangu mwenyewe.

Baba Ngcobo alikuwa ameshastaafu na nilibaki peke yangu na mitego ishirini. Kanga walikuwa wamebaki tisa. Nilikuwa nawahesabu kila asubuhi wanapotoka kula kwenye uwanja wa majani mafupi, tisa, na wote wakubwa. Viangazi viwili vilikuwa vimepita bila kifaranga hata mmoja. Kanga hawaishi milele. Kundi lisilo na watoto ni kundi linalosubiri kwisha.

Msimamizi wetu aliitwa Miss Devi, dada wa Kihindi wa Durban, mkali na mwenye haki. Aliniita ofisini mwanzo wa msimu. Alisema wenye eneo wamechoka. Kama kiangazi hiki nacho kitapita bila vifaranga, kazi ya mitego itafungwa, na yale majani ya katikati yatafyekwa yawe njia ya baiskeli na mahali pa kuegesha magari.

"Na kanga?" nikauliza.

"Kanga gani, Mama, kama hawazaani?"

Nilitoka pale nimeuma meno. Nilijiambia kwamba msimu huu hakuna yai litakalopotea bila mimi kujua. Nikaanza kutafuta viota. Majani ya kiangazi yanafika kiunoni, na kiota cha kanga unaweza kukikanyaga kabla hujakiona. Kwa hiyo kila nilipokipata niliweka alama, nisije nikakikanyaga, na niweze kukirudia haraka kila baada ya siku moja. Alama zilitoka kwa dada yangu Mama Neema, fundi cherehani kule Point. Chini ya meza yake kulikuwa na vipande vya kitenge vya kila rangi. Nilipenda ya njano, ile anayoiita jaune, kwa sababu inaonekana mbali.

"Dada, hivi bitambaa unapelekaga wapi kila siku?" aliniuliza. "Unashoneaga panya mashuka?"

"Vya kuonyesha viota. Nafunga kwenye kijiti juu ya kila kiota."

"Viota ya kanga! Batu bako na kazi, weye uko na kanga. Bon, beba. Lakini ile ya jaune uniachie kidogo, iko na mwenyewe."

Nikafunga vitambaa vinne kwenye viota vinne. Nilikuwa nimejipanga, na nilijisifu sana. Mume wangu alichoka kusikia.

Kiota cha kwanza kiliisha baada ya siku sita. Nilifika asubuhi nikakuta shimo tupu, hakuna hata ganda. Hapa ndipo mfungue masikio. Baba Ngcobo alinifundisha kusoma kiota kilicholiwa. Nguchiro analirusha yai nyuma kati ya miguu yake ligonge jiwe au mti, kwa hiyo anaacha maganda yaliyopasuka pembeni. Panya anatafuna tundu lenye kingo za menomeno. Kiota kisicho na kitu kabisa, fikiria mwenye koo pana au mwenye mikono. Yote hayo niliyajua. Lakini nilikuwa na hasira na nguchiro tangu msimu uliopita, na mtu mwenye hasira haangalii, anatafuta tu wa kumlaumu. Nikaamua ni nguchiro. Nikasogeza mitego karibu na viota vitatu vilivyobaki, nikawa napita mara mbili kwa siku.

Nilikamata nguchiro wengi mpaka afisa wa kibali akaniuliza kama nawafuga. Kiota cha pili kikaisha. Kisha cha tatu. Kila mara shimo tupu, na juu yake kitambaa changu cha njano kinapepea. Nikapata kiota cha tano, nikakifunga nacho kitambaa. Siku hiyohiyo cha nne kikaliwa. Usiniulize nilivyokuwa nyumbani. Watoto walikula kimyakimya wakaenda kulala bila kuambiwa.

Nililijua kosa kwa bahati tu. Asubuhi moja nilifua mkoba wangu wa kazi kwenye bomba la stoo, na kipande cha njano kilichokuwa ndani nikakitundika kwenye tawi la kichaka kikauke. Nikaingia stoo kurekebisha mlango wa mtego. Nikasikia kishindo juu ya bati. Tumbili mmoja mkubwa akashuka, jike, na mwanawe amemng'ang'ania tumboni. Hakutazama mfuko wangu wa chakula uliokuwa wazi pale kwenye ndoo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kitambaa. Akasimama chini yake. Akafukua majani kwa mikono yote miwili, upande huu, upande ule. Akatazama kitambaa tena, akafukua tena. Kisha akaketi, akatazama huku na huku kama mteja aliyefika dukani akakuta rafu tupu.

Nikakaa juu ya ndoo, juu ya chakula changu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi cha kwangu nilikifunga kwenye kijiti kipepee. Tumbili walikuwa wananitazama kila siku kutoka kwenye miti, mama mwenye kofia anainama, anafunga kitu cha njano, anaondoka, na chini ya cha njano kuna chakula. Walihitaji kiota kimoja tu kujifunza. Vilivyobaki niliwaonyesha mwenyewe.

Nilimpigia simu Baba Ngcobo. Alicheka muda mrefu.

"Wewe hukuwahi kuweka alama, Baba. Ulijua?"

"Sikujua, Sisi. Sikuweka kwa sababu nilikuwa mvivu."

"Sasa nifanye nini?"

"Toa vyote. Rudisha mitego kwenye uzio. Halafu usiende kutazama. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kwako, nakujua."

Hakuna mtu aliyejua zaidi ya sisi wawili. Ningeweza kunyamaza, nguchiro hawezi kujitetea ofisini. Niliwaza hilo njia nzima kupanda kilima, na siwadanganyi, niliwaza kwa uzito. Kisha nikaingia kwa Miss Devi nikamweleza yote, kitambaa kwa kitambaa.

Alivua miwani. "Mama, nimeandika ripoti tatu kuhusu nguchiro."

"Najua."

"Kwa nini unaniambia sasa? Nisingejua kamwe."

"Kwa sababu mimi nikifukuzwa, atakayekuja naye atafunga vitambaa."

Hakunifukuza. Alikasirika vya kutosha, aliongea na dirisha badala ya mimi, lakini akasema nina muda mpaka mwisho wa Januari, na kwamba barua ya wenye eneo ataiandika kwa mkono wake, vyovyote itakavyokuwa.

Nilitoa vitambaa vyote siku ileile nikavichoma nyuma ya stoo. Nikang'oa mitego ishirini kutoka ndani na kuibeba, miwili miwili, hadi kwenye uzio wa nje, pale meno yanapoingilia, mbali na viota. Jioni nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba watu wafunge mapipa kwa kamba na waache kuwapa tumbili ndizi. Wengine walinifungia mlango. Gogo wa Prince alitoka na fimbo yake akapita nami, na aliyenifungia mimi hakuthubutu kumfungia yeye.

Kilichobaki kilikuwa kiota cha tano. Nilijua kilipo, chini ya kichaka cha miiba, hatua chache kutoka njia ya maji. Sikukiendea. Nilipita mbali na shingo yangu nimeikaza kama nina jipu. Vijana, nimewahi kubeba mtoto na mzigo kwa miguu siku tatu, na nawaambia kupita pale bila kugeuza kichwa kulinichosha zaidi. Kila siku mkono ulitaka kufunua majani mara moja tu. Kila siku nilijiambia hapana.

Asubuhi nilihesabu kanga kama kawaida. Sasa walikuwa wanatoka saba, kisha wanakuwa wanane, pale yule jike wa kiota cha tano anapokuja kula haraka na kurudi. Wa tisa hakuonekana. Baada ya wiki mbili niliandika kwenye daftari kwamba amekufa, paka amempata. Nilimwomba radhi moyoni kwa kuchelewa kutoa mitego kwenye majani na kuiweka uzioni.

Siku ya kumi na saba tangu nichome vitambaa, jike wa kiota cha tano alitoka mapema na wenzake, akala taratibu, akajinyoosha, akaoga vumbi. Kanga anayelalia mayai hana muda wa kuoga. Nikajua. Nikaenda pale kwenye miiba, na nikakuta shimo tupu. Hata bila kitambaa, tumbili walikuwa wanapakumbuka mahali pale, nilikuwa nimeshawaonyesha kabla ya kuerevuka. Nilikaa kwenye majani nikalia kwa hasira, hasira na mimi mwenyewe.

Miss Devi hakunikaripia. "Eish, Mama," alisema. "Pole. Nitawaandikia Ijumaa."

Siku iliyofuata, Jumanne, nilikuwa uzioni saa kumi na mbili. Nilinusa viganja vyangu, nikabonyeza kila pembe ya kila kizimba, nikabadilisha chambo kilichokauka. Jumatano vivyo hivyo. Miss Devi alinikuta nimepiga magoti kwenye tope, mgongo umelowa.

"Mama Zawadi, mbona bado unatega?"

"Ijumaa haijafika."

Alinitazama, kisha akashika upande wa pili wa kizimba tukakisawazisha pamoja, na viatu vyake vizuri vikaharibika. Mtego ule ulipata paka mkubwa wa mtaani usiku uleule, nikamfunika, nikahesabu mpaka hamsini, nikampeleka langoni.

Alhamisi nilikuwa narudi kutoka uzioni na magunia begani. Kanga wanane walikuwa kwenye uwanja wa majani mafupi. Niliwahesabu bila kutaka, mazoea tu. Kisha upande wa chini, mahali ambapo sikuwa nimetega wala kutafuta wala kupita tangu msimu uanze kwa sababu nilijua kwa hakika kwamba hakuna kanga mwenye akili angetaga pale, majani yakatikisika. Akatoka kanga. Amekonda, manyoya ya kifua yamechakaa. Alisimama, akainua shingo, akatazama kila upande. Akatoa sauti ndogo kooni. Na majani nyuma yake yakaanza kutoa vifaranga.

Walitoka wakijikwaa, wa kahawia wenye mistari, wadogo kama ndimu. Nilihesabu kumi na mmoja. Nikahesabu tena nikapata tisa, nikahesabu tena kumi na wawili, hawakutulia. Wale wakubwa wanane wakaja wakawazunguka. Nikalala kifudifudi kwenye njia, na magunia juu yangu, nisiwatishe, nikampigia Miss Devi nikinong'ona. Alidhani nimeumwa na nyoka. Alikuja mbio kupitia mlango wa nyuma, akaniona chini, akashika moyo, kisha akafuata kidole changu.

Akalala naye kwenye njia. Tukakaa hivyo mpaka mama yao akawapeleka chini ya kivuli, na Miss Devi akajipangusa macho kwa mkono wenye udongo, akatoa daftari lake. Barua ya kesho ingekuwa nyingine, na wenye eneo wangetaka kila kitu kwa maandishi: idadi, saa, mahali.

"Kiota kilikuwa wapi?" aliniuliza, kalamu tayari.

Miaka yote ile nilikuwa na jibu la swali hilo. Nilikuwa nalipwa kwa ajili yake, na nilijivunia. Kila kiota nilichokijua msimu ule kililiwa.

"Sijui, Miss Devi," nikasema.

Alisubiri niongeze kitu. Nilikuwa nalia na kucheka, na yeye akainama akaandika hivyohivyo.